Kiti cha baiskeli: maumivu hayaanzii pale unapoyasikia

Mtu akianza kuendesha baiskeli mara kwa mara na makalio yakaanza kumuuma, jambo la kwanza analolifikiria ni kutafuta kiti laini zaidi. Ananunua kiti kipana chenye sponji nene, au kifuniko cha jeli cha kuvalisha juu ya kile cha zamani. Siku mbili tatu anaona nafuu. Baadaye maumivu yanarudi, safari hii yakiwa mbele kidogo, na magoti nayo yanaanza kuuma. Mwisho anaamua kwamba baiskeli si mchezo wake. Mara nyingi kiti chenyewe hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mahali kilipofungwa.

Kinachochanganya ni kwamba kiti kinarekebishwa kwa namna tatu: kupanda na kushuka, kwenda mbele na nyuma, na kuinama au kuinuka kwa pua yake, yaani ncha yake ya mbele. Ukigusa moja, umegusa na zile nyingine mbili. Tena, ukikosea mojawapo, si lazima uumie pale ulipokosea. Kiti kikiwa juu mno unaweza kuumia msamba. Pua ikiinama mno, viganja vinakufa ganzi. Anayefukuza maumivu, akirekebisha kila panapouma, anaweza kuhangaika mwezi mzima asifike popote. Ni afadhali kuelewa kila rekebisho lina kazi gani, kisha kuyafanya kwa mpangilio: urefu kwanza, halafu mbele na nyuma, kisha urudie urefu kidogo, halafu pua, na usukani uwe wa mwisho.

Uzito unabebwa na nani

Ukiwa juu ya baiskeli uzito wako unagawanywa sehemu tatu: makalio, miguu na mikono. Miguu inasahaulika sana katika hesabu hii. Unapokanyaga kwa nguvu, pedali inakusukuma juu na makalio yanapata nafuu. Ndiyo maana kiti kilekile kinaumiza zaidi kwenye matembezi ya polepole kuliko unapopanda mlima, na ndiyo maana waendeshaji wa mashindano hukaa saa nyingi juu ya viti vigumu ambavyo ukivibonyeza kwa kidole unashangaa wanavivumiliaje.

Sehemu inayobaki kwenye kiti inatakiwa ibebwe na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ile unayoihisi ukikaa kwenye benchi la mbao na kupitisha viganja chini ya makalio. Katikati ya mifupa hiyo kuna msamba, na humo hupita mishipa ya damu na neva zinazohudumia sehemu za siri. Hapo hapafai kubeba uzito. Sponji nene inaonekana kama rafiki, lakini mifupa inapozama ndani yake, ile sponji ya katikati inabaki juu na kuusukuma msamba. Kiti cha namna hiyo kinapendeza dakika za kwanza dukani na kutesa baada ya saa moja njiani.

Kwa hiyo kabla ya ulaini, tazama upana. Chukua kipande cha boksi lile lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kiti kigumu cha nyumbani, ukikalie, inua visigino kidogo na uiname mbele kadiri unavyoinama ukiwa kwenye baiskeli. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kwa watu wazima wengi umbali huo uko kati ya sentimita 10 na 14, na kiti kinatakiwa kiuzidi kwa sentimita 2 hivi, kwa sababu kingo zake huteremka pembeni na haziwezi kubeba kitu. Anayekaa wima, usukani ukiwa juu, anahitaji kiti kipana zaidi. Anayeinama sana anahitaji chembamba, maana mifupa ya nyonga inakaribiana kadiri inavyokuja mbele. Wanawake kwa wastani wana umbali mkubwa kuliko wanaume, ila wapo wengi wasiofuata kanuni hiyo, hivyo pima badala ya kukisia.

Upana ukishakubali, acha kununua. Kilichobaki ni kazi ya ufunguo wa pembe sita.

Urefu, na hofu ya kutogusa chini

Kosa linaloongoza ni kiti kuwa chini mno, na chanzo chake kinaeleweka: mtu anataka akisimama nyayo zote mbili ziguse ardhi huku bado amekaa. Hebu tufanye hesabu. Krenki ni ule mkono wa chuma unaoshika pedali, na kwenye baiskeli nyingi ekseli yake, pale unapozungukia, iko kama sentimita 27 kutoka ardhini. Krenki ina urefu wa sentimita 17. Pedali ikiwa chini kabisa, basi, iko sentimita 10 hivi juu ya ardhi. Kiti kikiwekwa mahali ambapo mguu unakaribia kunyooka juu ya pedali, ardhi iko sentimita 10 chini zaidi. Utagusa kwa ncha za vidole tu, na pengine usiguse kabisa. Kinyume chake, ukiweza kukanyaga ardhi kwa wayo mzima huku umekaa, magoti yako yanafanya kazi yakiwa yamekunjwa muda wote.

Anayesimama vizuri hakai. Anapofunga breki hutelezesha makalio mbele ya kiti, akashusha mguu mmoja huku mwingine ukiwa kwenye pedali, na fremu ikabaki katikati ya mapaja. Ni ustadi wa kujifunza kwa muda mfupi mahali pa wazi pasipo na magari, na bila huo hakuna fundi atakayekuwekea kiti sawasawa, kwa sababu utakishusha tena ukifika nyumbani. Anayejifunza, au mzee anayeogopa kuanguka, ana haki ya kukaa chini kwa sentimita kadhaa. Ajue tu kwamba gharama yake inalipwa na magoti.

Inalipwaje? Pedali inapofika juu ya mzunguko, goti hukunjika zaidi kadiri kiti kilivyo chini, na pia ya goti hubanwa kwa nguvu kwenye mfupa wa paja. Kwa mwendo wa mizunguko 80 kwa dakika, kila goti linakunjwa mara 4,800 kwa saa moja. Kosa dogo likirudiwa mara zote hizo halibaki dogo. Maumivu ya mbele ya goti, chini au pembeni ya pia, ndiyo dalili ya kawaida ya kiti kilicho chini au kilichosogezwa mbele mno.

Njia rahisi ya kuanzia ni ya kisigino. Egesha baiskeli ukutani, vaa viatu unavyoendeshea, panda ukae vizuri. Weka kisigino kwenye pedali na uzungushe kinyumenyume mpaka krenki ilale sambamba na bomba la kiti, pale ambapo pedali iko mbali nawe kabisa. Mguu unatakiwa unyooke pasipo nyonga kuinamia upande huo. Goti likibaki na mkunjo, pandisha kiti. Kisigino kikiiacha pedali, shusha. Sasa rudisha mguu mahali pake, ile sehemu pana ya wayo iliyo nyuma ya vidole ikiwa juu ya ekseli ya pedali. Goti litapata mkunjo mdogo lenyewe. Wanaopima kwa vifaa hulenga mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35 pedali ikiwa chini.

Wanaopenda namba wana kanuni mbili maarufu, na zote zinaanzia kwenye urefu wa mguu kwa ndani. Simama peku, mgongo ukutani, pitisha kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, kivute juu kwa nguvu kama kiti kitakavyokubana, kisha pima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Kanuni ya kwanza inahusishwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mbio kubwa za baiskeli za Tour de France mara 3, na kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard: zidisha urefu huo kwa 0.883 upate umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Ya pili ilitoka kwa watafiti wawili wa Uingereza, Hamley na Thomas, mwaka 1967: chukua asilimia 109 ya urefu huo, uipime kutoka ekseli ya pedali ikiwa chini kabisa hadi juu ya kiti.

Mwenye mguu wa sentimita 80 atapata 70.6 kwa kanuni ya kwanza. Kwa ya pili atapata 87.2 kutoka kwenye pedali. Toa krenki ya sentimita 17, inabaki 70.2. Zinapishana kwa milimita 4 tu. Lakini mfungie krenki ya sentimita 17.5 na kanuni ya pili itamshusha hadi 69.7, ilhali ile ya kwanza itang'ang'ania palepale kwa kuwa haiulizi krenki ina urefu gani. Na tukumbuke kwamba Hamley na Thomas walikuwa wakitafuta nguvu nyingi kwa muda mfupi. Starehe ya saa tatu barabarani ni swali jingine. Wala hakuna kanuni kati ya hizo inayojua unene wa soli yako, urefu wa wayo wako, au kama una mazoea ya kukanyaga vidole vikiwa vimeelekea chini. Namba inakufikisha jirani na jibu. Jibu lenyewe unalo mwilini.

Na mwili unasema waziwazi. Mwombe mtu akufuate kwa nyuma kwenye njia tambarare atazame mkanda wa suruali yako. Ukiwa umetulia, urefu unafaa. Ukipanda na kushuka, kushoto kulia, kila unapokanyaga, kiti kiko juu mno na nyonga inaifuata pedali. Huko kuyumba ndiko kunakosugua ngozi na kuubana msamba, na ndiyo sababu watu wengi wanaolaumu ugumu wa kiti hupona kwa kukishusha milimita 5. Maumivu ya nyuma ya goti yanasema jambo lilelile. Mimi, nikisita kati ya urefu wa aina mbili ambao wote unaonekana kufaa, ninachukua ule wa chini.

Jambo moja la usalama. Bomba la kiti lina mstari uliochorwa unaoonyesha mwisho wa kulivuta nje. Mstari huo ukionekana juu ya fremu, bomba ni fupi kwako: tafuta refu. Kinachoweza kukatika hapo ni bomba au fremu yenyewe, ukiwa juu yake.

Mbele na nyuma: kanuni ya uzi na ukweli wake

Hapa ndipo ushauri unapopishana zaidi. Kanuni inayorudiwa kila mahali ni ya uzi: krenki zikiwa zimelala sawa na ardhi, shusha uzi wenye uzito kutoka mbele ya goti lililo mbele, unatakiwa upite kwenye ekseli ya pedali. Ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu watu wengi huishia karibu na hapo. Lakini haina sheria ya mwili ndani yake. Uzi unashuka wima kwa mvutano wa dunia, na goti halijali wima iko upande gani. Wapo wanaoendesha baiskeli za kuegemea nyuma, pedali zikiwa mbele ya mwili, uzi wao ungeangukia mbali kabisa, na magoti yao ni mazima.

Rekebisho hili linaamua zaidi ni uzito kiasi gani utaangukia mikononi. Jaribu hivi: simama visigino na makalio yakigusa ukuta, kisha uiname uguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Utaanguka mbele, kwa sababu ukuta umeyazuia makalio yasirudi nyuma kusawazisha kiwiliwili. Kwenye baiskeli ni vilevile. Nyonga zikiwa mbele mno ukilinganisha na miguu, kiwiliwili kinachoinama hakina kinachokisawazisha, na mikono inageuka nguzo. Viganja vinakufa ganzi, mabega yanapanda hadi masikioni, shingo inakaza. Mtu anapaka dawa ya misuli shingoni wakati tiba ni kurudisha kiti nyuma sentimita moja.

Kipimo chake ni kufanya hivi kwenye njia tulivu, ukiwa umepasha mwili na unakanyaga kwa nguvu ya wastani: legeza vidole mpaka viganja viwe vinaugusa usukani tu bila kuuegemea. Ukiweza kubaki hivyo kwa pumzi kadhaa pasipo kuporomoka mbele, umepata mahali. Ukishindwa, rudisha kiti nyuma milimita 5 ujaribu tena. Ukikirudisha kupita kiasi utajua: unajikuta unateleza kwenda puani kila unapoongeza nguvu, na nyuma ya mapaja kunavuta.

Usitumie kiti kusogeza usukani. Wengi wakiona usukani uko mbali, wanasukuma kiti mbele ili waufikie, na wanavuruga uhusiano wa nyonga na pedali kwa tatizo ambalo ni la mikono. Usukani ukiwa mbali, badilisha shingo yake, kile kipande kinachouunganisha na baiskeli, kwa fupi zaidi au uuinue. Kiti kinawekwa kwa ajili ya miguu. Usukani ndio unaofuata.

Sasa ile kazi ya kurudia urefu. Kwenye fremu nyingi bomba la kiti limelala nyuma, nyuzi 73 hivi kutoka usawa wa ardhi. Kwa hiyo kila sentimita 1 unayorudisha kiti nyuma inaongeza umbali wa kwenda kwenye pedali kwa karibu milimita 3, na inakubidi ukishushe kiasi hichohicho. Vivyo hivyo, ukipandisha kiti sentimita 3 kimesogea nyuma karibu milimita 9 bila wewe kukigusa huko. Anayerekebisha kimoja na kusahau kingine ndiye anayesema baiskeli yake haieleweki.

Pua

Anza na usawa. Simamisha baiskeli kwenye sakafu iliyonyooka, weka kitabu chepesi juu ya kiti kutoka mbele hadi nyuma, na pimamaji juu yake. Simu yenye programu ya kupima usawa inatosha pia. Kama kiti kina mgongo ulioinuka nyuma, pima sehemu ya katikati na mbele, kwa kuwa ndiko unakokalia.

Kutoka hapo nyuzi moja ni nyingi. Pua ikielekea juu inaingia msambani, hasa unapoinama. Ikishuka kwa nyuzi 1 au 2, wengi hupata nafuu. Ikishuka zaidi ya 3, mara nyingi unaanza kuteleza, na mikono inasukuma usukani kutwa nzima kukurudisha nyuma. Dalili inatokea viganjani na chanzo kiko chini yako. Kama unahisi haja ya kuinamisha pua sana ndipo utulie, rudi nyuma ukague urefu na usukani: huenda kiti kiko juu mno au usukani uko chini mno, na pua inalipia kosa la wengine.

Ganzi ya sehemu za siri haivumiliwi. Wapo wanaoichukulia kama sehemu ya mazoezi, na wanakosea. Ni dalili kwamba neva na mishipa ya damu vimebanwa. Inuka juu ya pedali kila baada ya dakika chache, kagua marekebisho yote matatu, na fikiria kiti chenye mfereji au tundu katikati. Ikidumu hata ukiwa umeshuka, muone daktari.

Mwili usio na pande mbili sawa

Kuna watu wanaofanya yote haya na upande mmoja ukaendelea kuuma. Karibu kila mtu ana mguu mmoja unaopishana na mwenzake kwa milimita chache, na nyonga nyingi zimekaa upande kidogo. Eddy Merckx wa Ubelgiji, aliyeshinda Tour de France mara 5, alianguka vibaya kwenye uwanja wa mbio wa Blois nchini Ufaransa mwaka 1969 na nyonga yake haikurudi sawa. Kwa miaka iliyofuata alijulikana kwa kupandisha na kushusha kiti mara kwa mara, hata katikati ya mashindano. Kama bingwa wa namna hiyo hakupata kipimo kimoja cha kudumu, nawe usijilaumu unapobadilisha baada ya jeraha, baada ya uzazi, au miaka inavyopita na mgongo kukaza. Tofauti ya miguu ikiwa kubwa, kiti kipangwe kwa mguu mfupi, na ule mrefu uvumilie mkunjo wa ziada. Ukifanya kinyume nyonga itayumba.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, milimita 3 hadi 5, kisha uendeshe safari kadhaa kabla ya kuhukumu. Misuli iliyozoea kosa huona haki ni kosa kwa siku za kwanza. Zungushia bomba la kiti utepe wa umeme pale linapoingia kwenye fremu, ili bomba likiteremka lenyewe kwa boliti kulegea uone mapema, maana kushuka kwa taratibu namna hiyo hakuhisiki mpaka goti liume.

Andika vipimo vyako mahali usipovipoteza: kutoka ekseli ya krenki hadi juu ya kiti, kutoka kiti hadi usukani, na mwinamo wa pua. Utavihitaji siku ya kubadilisha kiti, na siku hiyo alama ya utepe haitakusaidia, kwa kuwa viti vinatofautiana kimo. Wala usipimie puani, kwani kimoja kina pua ndefu na kingine fupi. Wapimaji wenye uzoefu hutafuta mahali kiti kinapofikisha upana wa sentimita 8, wakaweka alama ya kalamu hapo, na vipimo vyote vya juu na vya mbele wanavichukua kutoka kwenye alama hiyo.